Ahadi Ambayo Diwani Mugeta Hakuitoa

Simu ya Clementi ilimkuta Gaudensia nyumbani kwake Bweri, Musoma, Jumatano asubuhi, akipalilia matuta ya viazi vitamu nyuma ya nyumba. Alifuta mikono kwenye kanga, akapokea. Clementi alikuwa katibu wa kamati ya mazishi, na hakuzungukazunguka.

"Shikamoo mama. Mzee Mugeta ametutoka. Amefariki jana jioni pale kwake Nyasura. Tunamzika Ijumaa, kwao Kemachoro."

Gaudensia akakaa chini palepale kwenye tuta. Alijua kwamba presha ilikuwa inamsumbua mzee. Mwezi uliopita tu alimpelekea samaki wawili aina ya sato huko Nyasura, Bunda, akamkuta amekonda mabega lakini yuko barazani anabishana na redio. Hakudhani kwamba ndiyo mara ya mwisho.

"Kuna jambo jingine," Clementi akaendelea. "Wageni watakuja wengi, wa Musoma, wa Butiama, na wote watazungumza Kiswahili. Bibi zetu wa machimbo wamesema hawatakaa kwenye msiba wa mtu wao kama viziwi. Wanamtaka Mkalimani."

"Wamenitaja mimi?"

"Hawamjui mwingine, mama."

Akakubali. Alipokata simu alibaki amekaa na magugu mkononi hadi mumewe, Stanslaus, alipotokea mlangoni kuuliza chai imefikia wapi. Akamweleza kuhusu msiba. Hakumweleza kuhusu kitu kilichomshtua zaidi, kwa sababu kitu hicho hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata yeye.

Gaudensia alizaliwa Majita, kwenye kijiji cha wavuvi na wakulima wa mihogo, ambako mtu akitoka nje ya mlango asubuhi anaona maji kabla hajaona jirani. Baba yake alikuwa Mjita, mama yake Mzanaki wa Butiama. Kila likizo ya shule alipelekwa kwa bibi yake mzaa mama, huko Butiama, na huko hakuna aliyemwonea huruma kwamba hajui Kizanaki. Bibi alimtuma maji kwa Kizanaki, akamgombeza kwa Kizanaki, na mtoto akirudi na kikombe badala ya kibuyu alirudishwa mpaka alete kibuyu. Kufikia umri wa miaka kumi alikuwa na lugha tatu kichwani na hakuna iliyomchanganya.

Kanisani ndiko kipaji chake kilikojulikana. Alikuwa na miaka kumi na sita alipokuja mhubiri kutoka Mwanza, na mzee aliyezoea kutafsiri akawa amepoteza sauti kwa mafua. Mchungaji akamwita Gaudensia, akamsimamisha kando ya mgeni. Mhubiri akisema kwa ukali, naye anasema kwa ukali. Mhubiri akishusha sauti, naye anaishusha. Watu walisema baadaye kwamba mahubiri yalikuwa mazuri kuliko ya mwaka uliotangulia, ingawa mhubiri alikuwa yuleyule. Tangu siku hiyo akajiwekea sheria yake mwenyewe: asiongeze neno, asipunguze neno. Maneno ya mtu aliyachukua kama anavyochukua mayai ya jirani, yafike yote na yafike mazima.

Sheria hiyo, kwa hesabu yake mwenyewe, aliivunja mara moja tu.

Alipoolewa na kuhamia Musoma alianza biashara ya samaki. Alinunua dagaa pale Mwigobero, na kayabo, yaani wale sangara wanaopasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, akapanda nao lori hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Kemachoro, nyuma kabisa ya vilima vya Butiama. Huko barabara ilikuwa inaishia kwenye mashimo. Mvua zikikolea, lori lilikuwa linaweza kukaa wiki nzima bila kutoka. Lakini wachimbaji wanakula, na samaki wa chumvi hawaozi, kwa hiyo Gaudensia alikuwa anakwenda mara mbili kwa mwezi. Wateja wake wakubwa walikuwa wanawake waliokuwa wanaponda mawe. Walikaa chini kwenye vivuli vya maturubai yaliyochanika, miguu wameinyoosha, kila mmoja na nyundo yake, wakiyavunja mawe ya wachimbaji mpaka yawe changarawe, na changarawe mpaka iwe unga. Kiongozi wao alikuwa Jeska, mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona. Pamoja nao alikuwapo binti mmoja wa Kisukuma kutoka Geita, Shija, ambaye alikuwa mkimya sana na ambaye Gaudensia hakumtilia maanani.

Huko ndiko alikokutana na Bernado Mugeta.

Mugeta alikuwa mtoto wa Kemachoro asiyejua kuongea na watu wa Kemachoro. Baba yake alifukiwa na shimo mtoto akiwa na miaka mitano, mama yake akafuata mwaka uliofuata, na mjomba aliyekuwa fundi wa reli akamchukua Tabora. Alirudi akiwa na miaka arobaini kuja kulitafuta kaburi la baba yake. Alilikuta, akalijengea, na badala ya kupanda lori arudi, akafungua banda la kuchomelea vyuma. Mashine za kusagia mawe zilikuwa zinaharibika kila siku, naye alizitengeneza vizuri. Baada ya miaka mitano wachimbaji wakamwambia agombee udiwani.

Wapinzani wake hawakuwa na la kumsema ila moja: huyu mnayemwita mwenzenu hawezi hata kumsalimia bibi yake. Na lilikuwa kweli. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha Tabora na cha semina, lakini wazee wa kata, hasa wanawake, Kiswahili kilikuwa kinawapita juu. Kwa hiyo siku moja mwanzoni mwa kampeni za mwaka 2005 alimfuata Gaudensia kwenye meza yake ya kayabo.

"Dada, nimesikia unatafsirigi kanisani."

"Natafsiri, kaka."

"Nataka uwe unasimama na mimi jukwaani. Unitafsirie kama unavyomtafsiria mchungaji."

"Mchungaji anasema ya Mungu," Gaudensia akajibu. "Wewe utakuwa unasema ya kwako. Lakini nitajaribu."

Walizunguka pamoja mikutano saba. Gaudensia akagundua kwamba Mugeta alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: akisimama mbele ya watu, alianza kuongea kama karatasi ya ofisini. Kwenye banda lake aliongea vizuri tu, kwa utani na kwa kituo. Akipewa kipaza sauti, ghafla kila kitu kilikuwa mikakati na michakato. Gaudensia alijitahidi kuvifikisha vyote vilivyo, ingawa mara nyingine alihitaji sentensi nne za Kizanaki kubeba neno moja la Mugeta.

Mkutano wa mwisho ulifanyika uwanja wa shule ya msingi Kemachoro. Wanawake wa kuponda mawe walikuja wamejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope, wakaketi upande wao. Mugeta aliongea juu ya barabara na juu ya bati za shule. Muda ulipokaribia kwisha, Jeska alisimama bila kuitwa.

Swali lake lilikuwa fupi. Kijito cha chini, ambako kila mtu alikuwa anachota maji ya kunywa, ndimo dhahabu ilimokuwa inaoshewa, na zebaki ilikuwa inamwagwa humohumo. Chemchemi safi ilikuwa mwendo wa saa mbili. Mwaka ule watoto wawili wa wenzake walikuwa wamezaliwa na hawakudumu. Je, mgombea atafanya nini kuhusu maji?

Gaudensia alilitafsiri swali. Mugeta alilisikia vizuri. Uso wake ulionyesha kwamba lilimwingia. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, na ugonjwa wake ukampata.

"Ndugu wananchi," akasema, "suala la maji ni suala mtambuka. Linahitaji ushirikishwaji mpana wa wadau katika ngazi zote, ili kwa pamoja tuweze kuibua mradi endelevu kulingana na vipaumbele vitakavyoainishwa."

Akamgeukia mkalimani.

Gaudensia akafungua mdomo. Akatafuta kichwani neno la Kizanaki la mtambuka, hakulipata. Akatafuta la wadau. Wanawake walikuwa wanamwangalia, mikono yao imelala mapajani, na baadhi ya vidole havikuwa na kucha. Alimwona Jeska bado amesimama. Na mdomo wake, ambao kwa miaka kumi na minane ulikuwa haujaongeza hata neno kwenye maneno ya mtu mbele ya hadhara, ukasema kwa Kizanaki kilichonyooka: "Amesema hivi. Akipata, atachimba kisima chenye pampu pale juu shuleni, mbali na machimbo, kabla ya masika ya mwaka kesho kutwa. Na ufunguo wa pampu atakaa nao Jeska."

Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Wanawake walisimama, vumbi likawatoka kwenye nguo kama moshi. Mugeta alishangaa, halafu akatabasamu, akainua mkono.

Walipokuwa wanarudi kwenye gari alimwambia, "Umeona dada Gauda? Hii hoja ya wadau imewakolea sana. Nilikuwa naogopa hawataielewa."

Gaudensia alitazama dirishani, akasema ndiyo.

Mugeta akashinda kwa kura nyingi. Gaudensia aliendelea na samaki wake. Kila alipofika Kemachoro aliogopa kupita penye wanawake wale, na kila alipopita walimpokea vizuri, wakamnunulia, wakamuulizia mumewe. Hakuna aliyetaja kisima. Akaanza kuamini kwamba jambo limepita.

Halikupita. Mwaka mmoja baadaye, siku ya Jumamosi, alikuwa anapanga dagaa kwenye meza yake akasikia nyimbo. Wanawake arobaini na kitu walikuwa wanapanda njia ya kwenda kwa diwani, kila mmoja na ndoo tupu kichwani. Dakika kumi baadaye mtu akaja kumwita: diwani anamtaka mkalimani, upesi.

Alimkuta Mugeta amesimama barazani na kikombe cha chai kinachopoa mkononi. Mkewe, Mama Debora, alikuwa dirishani. Wanawake walikuwa wamejaza uwanja, ndoo zimepangwa chini kwa mistari, na Jeska yuko mbele.

"Niambie wanasema nini," Mugeta akasema.

Jeska akaongea kwa kirefu. Alikumbuka yote. Alikumbuka mahali Mugeta aliposimama, na shati alilovaa, na maneno yenyewe moja baada ya jingine. Alipomaliza, akafunga mikono kifuani, akangoja.

Ikawa zamu ya Gaudensia. Alitafsiri. Hakuacha kitu. Kisima, shuleni, pampu, masika, ufunguo.

Mugeta akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza polepole, kwa Kiswahili, "Nilisema hivyo?"

Hapo ndipo Gaudensia angeweza kudanganya kwa mara ya pili. Angeweza kumwambia diwani kwamba wanawake walisikia vibaya, au kuwaambia wanawake kwamba diwani amesahau. Alikuwa amesimama katikati, na pande zote mbili zilikuwa zinategemea mdomo wake.

"Hukusema, mheshimiwa," akajibu kwa sauti ndogo. "Nilisema mimi."

Mugeta akamwangalia. Mshipa ulimsimama kwenye paji la uso, na Gaudensia akaona jinsi hasira inavyompanda mtu mpole. Halafu Mugeta akawaangalia wanawake, na ndoo, na kina mama wazee waliokaa chini kwa kuchoka na njia.

"Na huo ufunguo," akasema, "nilisema atakaa nao nani?"

"Jeska."

"Waambie sijasahau. Waambie masika bado."

Akatafsiri, na safari hii hakuongeza neno. Wanawake wakabeba ndoo zao, wakaondoka wakiimba wimbo uleule waliokuja nao.

Walipobaki wawili, Mugeta aliweka kikombe chini. "Dada Gauda. Usiniwekee tena maneno mdomoni. Mimi si mtoto."

"Sitarudia."

"Ungeniambia tulipokuwa garini."

"Niliogopa."

Mugeta akauliza, kwa sauti ya banda la vyuma, si ya jukwaani, "Hivi, nilichosema mimi siku ile kilikuwa na maana gani?"

"Kwa kweli, mheshimiwa, hakikuwa na maana."

Mugeta akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka Mama Debora akatoka kuangalia kuna nini. Wakati ule hakumwambia. Siku hiyohiyo alimwomba Gaudensia kitu: kila akija na samaki, akae naye nusu saa amfundishe Kizanaki.

Kisima hakikuwa kazi rahisi. Mugeta alipanda lori kwenda Musoma mara nyingi hata dereva akamwachia kiti cha mbele. Alikaa kwenye mabenchi ya ofisi, akaandika barua, akaandika nyingine. Mwishowe wamisionari waliokuwa na mtambo wa kuchimba walikubali kufika, kwa sharti kwamba njia itengenezwe, na Mugeta akaenda na wachimbaji wake kufukia mashimo ya barabara kwa wiki mbili. Mtambo ukachimba, ukakuta mwamba mkavu. Masika yakaanza na kisima hakuna.

Jumapili iliyofuata Mugeta aliwafuata wanawake kwenye maturubai yao. Gaudensia alikwenda naye, lakini Mugeta alimwambia asimame nyuma. Akavua kofia, akazungumza mwenyewe. Sentensi tatu za Kizanaki, alizozikariri mwezi mzima. Alitaka kusema kwamba amechelewa na anaomba wamvumilie. Neno moja alilivuta vibaya, likatoka na maana ya mtu aliyeshiba. Diwani akawa amesimama mbele ya wanawake arobaini akiomba msamaha kwa kushiba. Jeska alicheka hadi akaangusha nyundo. Wengine wakaanguka mabegani kwa wenzao. Mugeta hakujua amesema nini, naye akacheka. Na wakamsamehe, yote mawili, kuchelewa na kushiba.

Mtambo ulirudi baada ya mavuno, ukachimba hatua mia mbili kutoka pale pa kwanza, na maji yakatoka. Ufunguo akakabidhiwa Jeska.

Mugeta alikaa vipindi viwili, akastaafu, akajenga Nyasura ili awe karibu na hospitali. Ile siku ya ndoo hawakuizungumza tena. Gaudensia alipompelekea samaki waliongea Kizanaki, na hadi mwisho Mugeta alikuwa na lafudhi ya Tabora iliyomfanya kila mtu atabasamu.

Alhamisi, siku moja kabla ya mazishi, Gaudensia alifika Nyasura mchana. Wanawake walikuwa wanachambua mchele uani, na Mama Debora amekaa kwenye mkeka katikati yao, macho mekundu lakini ametulia. Walikumbatiana. Gaudensia akavuta ungo, akakaa karibu naye, na kwa saa nzima alikuwa anatafuta namna ya kuanza. Mara mbili alisema "Mama Debora," na mara mbili akaishia kuuliza kitu kingine, kama turubai limefika, kama Debora ameshatua kutoka Dodoma. Jua likateremka na neno bado liko kifuani.

Ijumaa msafara uliondoka asubuhi, ukapita Nyamuswa, ambako watu wa sokoni walisimama wakavua kofia, ukaingia njia ya vilima. Barabara ilikuwa nzuri sasa. Kemachoro ilikuwa na mabati mengi na mnara wa simu, lakini mashimo yalikuwa yaleyale, na watu walikuwa wametoka mashimoni. Walijaa uwanja wa shule hadi nje ya uzio. Mstari wa mbele ulikuwa wa akina bibi. Jeska alikuwa katikati, amepungua mwili, fimbo kati ya magoti.

Gaudensia akasimama kando ya jeneza na kipaza sauti chake. Wakaanza. Wasifu wa marehemu, salamu za kanisa, salamu za wachimbaji. Alitafsiri kama zamani, na sauti ilimtii. Kisha akaja mgeni mmoja kutoka mjini, mtu wa heshima aliyeandaa hotuba yake vizuri.

"Marehemu alikuwa mtu wa maono," mgeni akasema. "Mwaka 2005 alisimama kwenye uwanja huuhuu, na kwa kinywa chake mwenyewe akatamka ahadi ya kisima. Alitamka mahali, alitamka muda, alitamka hata nani atashika ufunguo. Ni viongozi wangapi wanaoweza kutamka hivyo?"

Akamgeukia mkalimani.

Gaudensia hakutafsiri. Watu walingoja. Clementi, aliyekuwa anaongoza ratiba, alimsogelea akidhani betri imekwisha. Gaudensia akamwashiria kwamba betri ni nzima.

"Mgeni wetu anisamehe," akasema kwa Kiswahili. "Mimi nilikuwepo, na maneno hayo siwezi kuyapitisha yalivyo. Naomba dakika chache niseme ya kwangu."

Akasema, kila sentensi mara mbili, kwanza kwa Kiswahili na kisha kwa Kizanaki, akijitafsiri mwenyewe. Alisimulia swali la Jeska. Alisimulia suala mtambuka, na vijana wakaanza kucheka wakajizuia. Alisema kwamba kisima, na masika, na ufunguo, vyote vilitoka kinywani mwake yeye muuza samaki, bila ruhusa ya mtu. Alisimulia siku ya ndoo.

"Angeweza kuwaambia kwamba nimewadanganya," akasema. "Angekuwa amesema kweli, na hakuna mtu angemlaumu. Aliniuliza tu ufunguo atakaa nao nani. Halafu akaenda kuhangaika miezi mingi kwa ajili ya ahadi ambayo hakuitoa. Mnasema alikuwa mtu wa maneno mazuri. Jamani, mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Maneno yake yalikuwa mabovu sana. Ila alikuwa anakubali kubeba."

Gaudensia hakuthubutu kumwangalia Mama Debora. Ndipo Jeska alipoinuka, kwa msaada wa fimbo, na sauti yake bado haikujua kunong'ona. Akaongea Kizanaki, na Gaudensia, kwa mazoea, akaanza kutafsiri kabla hajaelewa anatafsiri nini.

"Anasema, keti binti, umejitesa bure. Anasema... anasema walikuwa wanajua."

Akasita. Jeska akampungia mkono aendelee.

"Anasema Shija, yule Msukuma, alikuwa anajua Kiswahili vizuri. Jioni ileile baada ya mkutano aliwaambia kwamba mgombea hakusema hivyo, ni mkalimani. Wakakaa wakashauriana. Wengine walitaka waniseme mimi kwa mgombea. Yeye Jeska akawaambia hapana, neno likishapita kwenye kipaza sauti ni la aliyesimama jukwaani. Tukampigie kura, halafu tukamdai. Anasema siku ile walipokwenda na ndoo, walikuwa wanataka kuona atafanya nini. Akikataa, watajua ni mtu wa namna gani. Akikubali, watajua pia. Anasema walikuwa wameshaelewana kwamba akikataa, watarudi bila kelele, kwa sababu alikuwa na haki."

Watu hawakujua kama Gaudensia analia au anacheka, kwa kuwa alikuwa anafanya yote mawili. Jeska akamaliza.

"Anasema, hakukataa. Ndiyo maana leo wameacha nyundo zao. Hakuna aliyewaita."

Aliyeanza kucheka kwa sauti alikuwa Mama Debora. Alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakamtikisika, na binti yake akamshika akidhani amezidiwa. Alipofunua uso alikuwa analia na anacheka. "Baba Debora alinisimulia tukiwa bado hukuhuku," akasema. "Akanikataza nisikuguse nayo, Gauda. Alisema, yule dada akijua kwamba na wewe unajua, ataacha kuleta samaki." Kicheko kikavuka uwanja, kikafika hadi kwa wachimbaji waliokaa juu ya uzio. Hata mgeni wa mjini alicheka, akakunja karatasi yake, akaiweka mfukoni, na akamalizia kwa maneno mawili matatu ya kawaida ambayo Gaudensia aliyatafsiri bila taabu.

Wakamzika Mugeta kando ya baba yake, saa nane mchana. Wanawake wa machimbo waliimba, na hakuna aliyeharakisha. Baada ya hapo chakula kikagawiwa, na Jeska akamvuta Gaudensia akae kwenye mkeka wao. Walimtania hadi akashindwa kumeza. Kila aliyeomba chumvi aliomba kwanza kwa Kiswahili cha karatasi ya ofisini, kisha akamwambia mkalimani amfafanulie. Alikula sahani mbili za wali. Alipoulizia habari za Shija akaambiwa aliolewa Nyamuswa, ana duka la nguo na wajukuu wawili, na kwamba alikuwepo uwanjani tangu asubuhi, yule mama aliyenenepa mwenye kilemba cha buluu. Gaudensia akainuka akaenda kumsalimia. Walishikana mikono muda mrefu, wawili ambao miaka ile yote hawakuwa wamezungumza zaidi ya bei ya dagaa.

Jumamosi jioni, nyumbani Bweri, alimsimulia Stanslaus yote tangu mwanzo. Stanslaus alisikiliza huku anashona wavu, kazi ambayo alikuwa haifanyi tena kwa kuuza ila kwa kupenda. Aliposikia mwisho aliweka wavu kando.

"Mama watoto," akasema, "nilipokuja kujitambulisha kwa bibi yako kule Butiama, si wewe ndiye uliyekuwa unanitafsiria?"

"Ni mimi."

"Nakumbuka niliongea kidogo tu. Nilikuwa naogopa. Lakini bibi alifurahi sana, akaita majirani."

Gaudensia akainamia sufuria, akakoroga mboga ambayo ilikuwa haihitaji kukorogwa.

"Ulimwambiaga nini?"

"Kula kwanza," akasema. "Nitakwambia tukishakula."

Wakala nje, upepo wa ziwa ukivuma kutoka upande wa mjini, na Stanslaus akamngoja amalize kula.